Nitajuaje kama nimeandikwa kwenye wosia wa shangazi? Ndugu wananizungusha

Binti wa Uani
Habari za muda huu wakuu, naombeni wenye uelewa wa mambo ya mirathi mnisaidie maana kichwa kimejaa.

Shangazi yangu, dada wa kwanza kabisa kwa kina baba, amefariki Tanga. Aliolewa akafiwa na mume na hakujaaliwa mtoto. Mimi ndo kanilea, baba alivyofariki nikiwa darasa la tatu akanichukua akanisomesha mpaka form four, sahivi nimeolewa niko Mwanza. Ameacha nyumba Ngamiani, kashamba ka minazi Pangani na vihela kidogo benki. Waliobaki kwao ni baba mdogo na shangazi mdogo basi, wote baba mmoja mama mmoja.

Sasa siku ya arobaini baba mdogo alisimama mbele za watu akasema dada ameacha maandishi na yatasomwa wakati wake. Toka hapo kimya. Nikimpigia ananiambia mwanangu tulia hayo mambo ya wakubwa, shangazi mdogo nikimuuliza anasema yeye hajui kusoma mambo hayo, binamu yangu mmoja kaninong'oneza kwamba baba mdogo "kashashika mirathi" na ashapeleka mtu kupima nyumba. Na marehemu enzi za uhai wake mara nyingi akiniambia we usihangaike nishakuweka kwenye karatasi, ila karatasi yenyewe sijawahi kuiona wala sikuwahi kumuuliza, unaanzaje kumuuliza mtu mzima swali kama hilo.

Swali langu ni hili, mtu unajuaje kama umeandikwa kwenye wosia? Kuna sehemu ya serikali unaenda unauliza jina lako? Au ni mpaka wao waniite? Sitaki ugomvi, nataka kujua tu.

chalii wa ngarenaro
Mali za watu dada. Fanya kazi zako.

Mama Nuru
@chalii wa ngarenaro kuuliza nako ni dhambi? Kalelewa na huyo mama, ana haki ya kujua. Pole sana mdogo wangu Mungu ampumzishe marehemu.

Mzee wa Masijala
Pole kwa msiba. Nimefanya kazi karibu na mahakama miaka mingi japo mimi si wakili, nitakueleza kinavyokwenda.

Kwanza ondoa kichwani hiyo picha ya kwenye tamthilia ambapo wakili anaita familia nzima sebuleni anafungua bahasha anasoma. Bongo hakuna kitu kama hicho kisheria. Wosia kusomwa arobaini au kwenye kikao cha ukoo ni utaratibu wa familia tu, wanaweza wakausoma, wakausoma nusu, au wasiusome kabisa. Kinachohesabika ni jalada la mirathi mahakamani. Yani wewe badala ya kumpigia baba mdogo simu kila wiki, tafuta jalada.

Kama marehemu alikuwa Muislamu wa kawaida anaishi maisha ya kiislamu au mtu wa kimila, basi mirathi yake karibu lazima iwe mahakama ya mwanzo ya eneo alilokuwa anaishi kwa kudumu. Hapo Ngamiani ndo alikuwa anakaa siyo? Basi ni mahakama ya mwanzo ya hapo hapo mjini, siyo ya Pangani kwenye shamba wala siyo Mwanza uliko wewe. Anayeomba usimamizi anajaza fomu namba 1, humo anaeleza marehemu kafa lini, warithi ni kina nani, mali zipi, na kama aliacha wosia. Kama wosia upo unaambatanishwa. Halafu mahakama inatoa tangazo kwamba fulani kaomba, mwenye pingamizi ajitokeze. Hilo tangazo mara nyingi linabandikwa hapo kwenye mbao za mahakama na kwenye ofisi za mtaa, nani wa Mwanza atalisoma? Ndo maana watu wengi wanakuja kujua nyumba ishauzwa.

Nenda mwenyewe au mtume mtu unayemuamini, masijala, uliza kama kuna shauri la mirathi la marehemu fulani. Beba nakala ya cheti cha kifo kama unayo, kitambulisho, na ujieleze wewe ni nani kwa marehemu. Ukishapata namba ya shauri andika barua fupi kwa hakimu kuomba kukagua jalada na kupata nakala kwa sababu una maslahi. Ukiambiwa njoo kesho njoo kesho, peleka nakala mbili za barua, moja wakugongee muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Barua yenye muhuri inafanya watu wakumbuke jalada liko wapi.

Binti wa Uani
Asante sana mzee wangu. Kwahiyo hata bila wao kuniita naruhusiwa kuangalia? Nilidhani mpaka niwe mrithi.

Mzee wa Masijala
Mtu mwenye maslahi. Anayeamini katajwa kwenye wosia ni mwenye maslahi.

ustadh jr
Assalaam alaykum. Naomba niweke jambo hapa maana naona watu watakupoteza. Dada kama marehemu ni Muislamu na umesema ndugu zake waliobaki ni kaka na dada wa baba na mama mmoja, basi wewe kwenye fungu la mirathi haumo. Mtoto wa kike wa kaka hana fungu hapo, kaka wa marehemu yupo. Hata ungekuwa wa kiume, kaka aliye hai anakuzuia.

Lakini hiyo ndo habari njema yako!! Kwa sababu wasia hauandikwi kwa mrithi, anayerithi tayari ana fungu lake alilopewa na Mwenyezi Mungu, ukimuandikia na wasia juu yake haupiti mpaka warithi wengine waridhie. Wewe sio mrithi kwahiyo unaweza kuandikiwa wasia na ukawa sahihi kabisa. Mpaka wake ni theluthi moja ya kilichobaki baada ya kutoa gharama za maziko na madeni. Kikizidi theluthi, kilichozidi kinategemea ridhaa ya warithi.

Chukua mfano tu, tuseme baada ya madeni na maziko kila kitu kina thamani ya milioni 90. Theluthi ni 30. Kama alikuandikia nyumba na nyumba peke yake ni milioni 60, basi wewe unayo haki ya nusu ya hiyo nyumba, nusu nyingine mpaka baba mdogo na shangazi mdogo wakubali. Zile 60 zinazobaki wanagawana wao, kaka mara mbili ya dada, yani 40 kwa 20. Kwahiyo hapo elewa kwa nini mtu anaweza kuona wasia wako ni mzigo, kila shilingi ya wasia inapungua kwenye mafungu yao, na zaidi kwa baba mdogo.

MtotoWaMuleba
@ustadh jr umeelezea vizuri sana hadi mimi mkatoliki nimeelewa. Ila sio kila mtu humu ni Muislamu ngoja niseme na upande wa mila maana uzi utasomwa na wengi.

Kule kwetu Kagera mambo ya wosia ni ya zamani sana, na ile kesi maarufu ya Holaria Pastory, iliyoamuliwa Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990 na Jaji Mwalusanya, watu wanaikumbuka kama kesi ya wanawake kuuza ardhi ya ukoo, wanasahau ilianzia kwenye wosia. Yule mama alirithishwa shamba la ukoo na baba yake kwa wosia halali, akaliuza 1988 kwa shilingi laki tatu, mpwa wake akaenda mahakamani kusema mwanamke wa kihaya hana mamlaka ya kuuza. Mahakama ya mwanzo ikampa mpwa ushindi, kule juu jaji akasema mila inayombagua mwanamke haiwezi kusimama na katiba. Kwahiyo ukiambiwa "mwanamke haandikiwi nyumba ya ukoo" usitishike.

Na mila nazo zimeandikwa, kuna tangazo la sheria za mila la mwaka 1963, GN 436, lina sehemu nzima ya wosia. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika mashahidi wawili wanatosha, mmoja wa ukoo mmoja wa nje, kama hajui wanarudi wanne. Na kumnyima mrithi si jambo la kuamka asubuhi tu, sababu zimetajwa, kama kuzini na mke wa mwenye wosia, kujaribu kumuua, kumpiga yeye au mama yake, kumtelekeza kwenye njaa au ugonjwa bila sababu, kuharibu mali yake. Na anayenyimwa lazima asemwe wazi na apewe nafasi ya kujitetea. Baba yangu mkubwa alimuandikia wosia mwanae wa kwanza kumnyima kila kitu kwa sababu hakuja kwenye harusi ya mdogo wake, tulicheka sana tulivyousoma, ulianguka hata hakimu hakuhangaika nao.

kibopa254
Habari za Bongo. Huku kwetu Kenya ombi la mirathi likishawekwa kortini linachapishwa kwa Gazeti la Serikali na watu wanapewa siku 30 kuleta pingamizi. Kwa hivyo ukiwa na jina la marehemu unaweza kaa nyumbani unatafuta kwa gazeti mtandaoni, na wosia huwa umeambatanishwa kwa faili. Kama hakuna wosia barua ya chifu ndio inaonyesha familia ni akina nani, hapo ndio wajanja huacha majina ya watu nje, second wife haonekani. Pia wosia wa mdomo huku ni mashahidi wawili na una nguvu kama mtu amefariki ndani ya miezi mitatu toka aseme. Ukiingilia mali ya marehemu kabla korti haijakupa ruhusa ni kosa, faini ama jela hadi mwaka mmoja, kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi. Hiyo ya kupeleka mtu kupima nyumba ingekuwa huku angeulizwa.

Binti wa Uani
Wakuu nimesoma zote. Mzee wa Masijala swali, je kama wosia hawakuupeleka mahakamani? Maana aliyesema maandishi yapo ni huyo huyo baba mdogo na karatasi anayo yeye. Anaweza kuichana tu.

Mzee wa Masijala
Ndo swali lenyewe hilo. Na wengi wanaishia hapo, wanasema aliyenao kauficha basi yameisha.

Fikiria wosia ulivyotengenezwa. Mtu mzima wa Tanga hakai chumbani peke yake anaandika wosia. Kuna mtu alimuandikia, kuna watu waliweka sahihi au dole gumba, na kuna nakala. Mashahidi wengi hata hawajui ndani kumeandikwa nini lakini wanajua upo, waliusaini wapi na siku gani. Kwahiyo anza na watu kabla ya karatasi. Jirani wa miaka mingi, mtu wa msikitini, mjumbe wa nyumba kumi wa zamani, mwenyekiti wa mtaa, mwanamke aliyekuwa anamuuguza. Uliza taratibu tu, "shangazi aliwahi kukuita uweke sahihi mahali?" Usianze na habari za nyumba utawatisha.

Pili wakili. Wakili aliyeandika wosia huwa anabaki na nakala, na alipokuwa hai mwenyewe wakili hakuruhusiwa kukuambia kitu. Angalia makaratasi ya shangazi kama unaweza kufika, mkataba wa nyumba ulipigwa muhuri na wakili gani, watu wa umri ule wakishamzoea wakili mmoja wanafanya naye kila kitu.

Tatu RITA. Watu wanajua RITA ya vyeti vya kuzaliwa na vifo lakini wanaandika na kuhifadhi wosia pia. Ukiwa hai siri ni yako, ukifariki ndugu anaenda na cheti cha kifo na utambulisho anauliza. Sio kwamba kuna daftari la nchi nzima lenye wosia wote, ni wale tu waliopeleka kwao. Ila kuuliza si dhambi.

Halafu wa kidini, wapo wanaoacha kwa imamu, kwa padri, kwa katibu wa parokia.

ustadh jr
Naongezea, wengi wanaenda kwa shehe au kwa kadhi wa BAKWATA wanapigiwa hesabu ya mirathi wanadhani imeisha. Hesabu ya shehe ni sahihi kidini lakini bara kadhi hana mahakama, benki na ardhi wanataka karatasi ya hakimu. Zanzibar ndo tofauti, kule Mahakama ya Kadhi ipo kisheria. Kwahiyo kama baba mdogo kakwambia "shehe alishagawa" bado hajagawa kitu.

mbongo_Reading
Mimi niko Uingereza, niwape tu picha ya huku. Huku mtu akifa aliyeteuliwa kwenye wosia anaomba kibali, kabla kibali hakijatoka wosia ni siri ya wasimamizi hata mtoto hawezi kulazimisha kuuona. Kikishatoka tu, wosia unakuwa wa wazi, mtu yeyote duniani analipa ada mtandaoni anapata nakala, hata ya mtu asiyemjua. Kuna jirani yetu mzungu tulijua kaacha nini kabla ya wanae wengine haha. Na shahidi akiwa ndo kaandikiwa kitu, zawadi yake inafutika, kwahiyo huku mpishi wa bibi hasaini.

Jingine, wabongo wengi mnatumiwa email eti umeandikwa kwenye wosia wa tajiri fulani London mwenye jina la ukoo kama lako, tuma ada ya wakili. Msitume kitu. Mirathi ya kweli ada zake zinakatwa kwenye mali ya marehemu.

Mama Nuru
@mbongo_Reading hata huku upo utapeli huo, mdogo wangu alipigiwa simu eti mimi karani wa mahakama faili lako la mirathi limepatikana tuma elfu themanini kwenye namba hii. Malipo ya mahakama unapewa kontrol namba, mtu akikupa namba ya simu yake kata simu.

chalii wa ngarenaro
Ok nimesoma nimeelewa, naomba radhi dada. Ila ukienda mahakamani undugu umeisha hapo, jiandae.

Mama Nuru
Undugu gani wa kufichana karatasi? Mimi mume wangu alipofariki shemeji zangu walikaa kikao cha ukoo bila mimi, wakaandika muhtasari, kwenye orodha ya watoto wakaacha mmoja. Nilivyoenda mahakamani nikaambiwa muhtasari upo na umesainiwa. Nikauliza mimi mke nimesaini wapi? Hakimu akautazama akautupa pembeni. Sikugombana na mtu, nilikaa kwenye benchi tu na mwanangu mapajani.

Mzee wa Masijala
Hapo kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo wengi hawajui, kwenye sheria si sharti, ni mazoea tu ya mahakama ili wajue familia inakubaliana. Usikate tamaa eti kwa sababu kikao kilishakaa.

Kipanga wa Sabasaba
Jamani na zile fomu za SACCOS na VICOBA unaandika jina la mrithi, je nazo ni wosia? Bibi yangu aliandika jina langu kwenye kikundi.

Mzee wa Masijala
Hapana, hilo ni jina la mtu wa kupokea fedha za kikundi hicho kwa kanuni zao. Kaulize kikundi chenyewe. Halikupi nyumba wala shamba.

Binti wa Uani
MREJESHO

Wakuu samahani kwa ukimya, nilikuwa Tanga. Naandika kwa simu mtanivumilia.

Nimefika sikuenda kwa baba mdogo, nimefikia kwa rafiki yangu tuliyesoma nae. Mahakamani karani alikuwa na vitabu vile vikubwa vya kuandikia mashauri, kapekua kaniambia hakuna, nikamwambia naomba tuangalie pamoja, tukaona jina la shangazi limeandikwa kwa kukosea herufi ndo maana. Barua nilipeleka nakala mbili kama alivyosema mzee nikagongewa muhuri. Jalada nimeliona kwa macho yangu.

Aliyeomba ni baba mdogo. Warithi kaandika wawili, yeye na shangazi mdogo. Na pale panapouliza marehemu aliacha wosia kaandika HAKUACHA. Kwa mkono wake, mwandiko naujua, ndo huo huo wa kwenye kadi za mialiko ya harusi. Mali kaorodhesha nyumba na shamba, benki hakuandika. Bado hajateuliwa, tangazo liko mbaoni na tarehe ya kusikilizwa haijafika.

Nilikaa pale nje kwenye mti nikalia kidogo sio siri. Ila nikakumbuka mambo ya mashahidi nikaenda kwa bibi jirani mlango unaotazamana na wa shangazi, huyo ndo walikuwa wanashona pamoja. Nikamuuliza tu kama shangazi aliwahi kumwita kuweka sahihi. Akanionyesha kidole gumba akasema "hiki hapa, wino ulikaa siku mbili". Yeye na katibu wa msikiti. Na akanipeleka mpaka kwa wakili kwa miguu yake, ni juu ya duka la vitambaa, yule wakili kwanza hakutaka kusema kitu mpaka alivyoona cheti cha kifo.

Wosia upo. Ukurasa mmoja umechapwa. Vyumba vitatu vya uani nimepewa mimi na cherehani ya Singer. Shamba na nyumba ya mbele vigawanywe kwa sheria ya dini. Sasa tatizo, umeandika "Mwanakombo binti wa kaka yangu marehemu". Mwanakombo ndo jina langu la nyumbani toka nazaliwa, bibi yangu ndo alinipa, lakini vyeti vyote na kitambulisho cha taifa naitwa Zainabu. Wakili kasema nakala anayo na atakuja kuithibitisha ila suala la jina nijiandae. Hapo nafanyaje? Baba mdogo akisema Mwanakombo ni mwingine?

ustadh jr
Allahu akbar. Vyumba vitatu vya uani haviwezi kufika theluthi kama nyumba ya mbele na shamba vipo, mama alikuwa anajua anachofanya. Usikubali mtu akwambie umezidishiwa, omba tathmini ya mali zote ikiwemo hizo za benki, maana zikifichwa theluthi yako inaonekana ndogo.

MtotoWaMuleba
"Wino ulikaa siku mbili" 😂😂 huyo bibi ni shahidi wa kiwango.

Mzee wa Masijala
Safi sana. Sasa sikiliza.

Usingoje siku ya tarehe. Peleka pingamizi la maandishi kabla, sema una maslahi, marehemu aliacha wosia, umo ndani, mwombaji kasema haupo. Ambatanisha nakala uliyopewa na wakili. Mahakama ya mwanzo ina mamlaka kabisa ya kuamua hayo, kanuni zao za usimamizi wa mirathi za mwaka 1971 zimetaja, kama mtu alikufa na wosia au bila, kama karatasi inayodaiwa ni wosia ni halali, na hata utambulisho wa watu waliotajwa kwenye wosia. Hilo la mwisho ndo la kwako, jina siyo ajabu, ukanda wa pwani nusu ya watu wana jina la madrasa, jina la nyumbani na jina la shule.

Jina unalithibitisha kwa vitu na watu. Kiapo kwamba Mwanakombo na Zainabu ni mtu mmoja. Halafu tafuta maandishi ya zamani yenye Mwanakombo, kadi ya kliniki, daftari la madrasa, barua, picha imeandikwa nyuma. Na watu wawili watatu wazima wanaokujua toka mtoto, huyo bibi jirani akiwa mmojawapo, maana yeye ni shahidi wa wosia na pia anajua Mwanakombo ni nani. Akiulizwa Mwanakombo yuko wapi akakunyooshea kidole humo ndani, kazi imeisha nusu.

Na muombe hakimu kama inawezekana wateuliwe wawili, baba mdogo na mtu mwingine mnayemkubali, ili asishike peke yake. Sheria inaruhusu zaidi ya mmoja. Akiteuliwa yeyote ana miezi minne kupeleka orodha ya mali zote na madeni kwenye fomu namba 5, kisha hesabu za ugawaji fomu namba 6 kwa vipindi hakimu atakavyopanga. Ukiona benki haimo kwenye namba 5 unaenda unasema. Na hata ikitokea kashateuliwa kwa kudanganya, unaweza kuomba uteuzi utenguliwe.

Mama Nuru
Na picha ya harusi yako si shangazi ndo alikuwa kaandika nyuma? Wamama wa Tanga hawaachi picha bila kuandika nyuma.

Binti wa Uani
@Mama Nuru umenikumbusha!! Ipo picha yangu ya maulidi, niko na kanga kichwani, nyuma kaandika kwa mkono wake "Mwanakombo wangu" na mwaka. Iko Mwanza kwenye albamu namtumia mume wangu ujumbe sahivi aiweke kwenye bahasha aipe basi la usiku.

Shangazi mdogo kanipigia jana, kasikia niko mjini. Kaniuliza kama nimekula. Sikumwambia kitu kuhusu jalada. Nadhani yeye kweli hajui, kwenye fomu kaweka dole gumba.

Mzee wa Masijala
Mwambie. Kama kaka yake kaficha hela za benki basi na yeye anapunjwa fungu lake, utapata mtu wa kukaa naye kwenye benchi. Nenda na bibi jirani, si peke yako.

Kipanga wa Sabasaba
Kiapo cha majina anafanya wapi, kwa huyo huyo wakili?

Mzee wa Masijala
Si huyo, huyo atakuwa shahidi wako kwenye wosia asije akaambiwa ana upande. Atafute mwingine, mawakili wengi ni makamishna wa viapo, au aulize hapo hapo mahakamani. Aende na kitambulisho na huyo bibi, asaini mbele yake.

Binti wa Uani
Sawa mzee wangu, kesho asubuhi naanza na shangazi mdogo kisha kiapo. Pingamizi naandika leo usiku, nikimaliza naliweka hapa bila majina mnirekebishe kabla sijalipeleka.